Je, Fundi wa Mabango Atakosa Kazi?

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, baada ya habari za chakula cha mchana na za madawati kwisha, mzee mmoja aliningoja nje chini ya mwembe. Mwanawe yuko Kidato cha Tatu, na wengi wenu mmepata kuona michoro yake katika ubao wa matangazo, ingawa jina lake sitalitaja hapa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaanza:

"Mwalimu, huyu kijana anasema akimaliza shule ataka kujifunza kazi ya kutengeneza mabango na kadi kwa kompyuta. Mimi nimeuza maharage kumleta hapa, na kama hapana budi nitauza mengine. Lakini juzi nilimkuta dada yake jikoni, na huyo hata Kidato cha Pili hakuvuka, ameshika simu anatengeneza kadi ya mchango wa harusi huku sufuria iko motoni. Kadi nzuri kabisa, ina maua na dhahabu! Sasa nitoe fedha kumfundisha huyu kazi ambayo mwenzake anaifanya bure akipika?"

Sikumjibu siku ile. Mimi nafundisha hesabu. Kazi ya kupanga kurasa za gazeti hili nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nikamwomba anipe muda. Najua wazazi wengine hapa Rungwe Mpya wana swali hilo hilo, na wanafunzi kadha wameniuliza pia, basi nawajibu wote pamoja.

Kwanza yanipasa kuungama kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kusema. Mwaka jana, kabla ya mahafali ya Kidato cha Nne, kamati ilinikabidhi fedha ya kupata bango la kutundika nyuma ya meza kuu. Zilikuwa shilingi elfu sitini na kitu, michango ya wazazi. Desturi yetu ilikuwa kumpa kazi fundi mmoja wa mjini Kasulu, ambaye hutoza fedha ya kuchora na fedha ya kuchapisha. Mimi nikaona ile fedha ya kuchora yapotea bure. Nina simu, na ndani ya simu nina programu iitwayo Canva, ambayo ina mifano tayari ya kila namna. Nikakaa nayo jioni mbili. Nikaweka nembo ya shule, jina la mgeni rasmi, tarehe, na chini yake majina yote ya wahitimu, nikaona kazi ni njema. Nikaituma kwa mchapaji kwa WhatsApp. Yule mchapaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia achapishe tu, ijaze bango zima la meta 3 kwa meta 1 na nusu.

Siku ya mahafali tulipolifungua, nembo ya shule, ambayo ni duara, ilikuwa yai. Herufi zilionekana kama zimeandikwa kwa moshi. Ile rangi ya kijani iliyong'aa katika simu kama mgomba baada ya mvua ilitoka imefifia kama mgomba wa Agosti. Nilikuwa nimesimama karibu na safu za nyuma, nikasikia mama mmoja akimwuliza mtoto aliye karibu naye, "Pale chini pameandikwa nini?" Mtoto akakaza macho, akasema, "Labda majina ya wageni, mama." Yalikuwa majina ya wahitimu, na la binti yake yule mama lilikuwemo.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo likanichoma zaidi. Nikarudi na kalamu na karatasi kutafuta nilipokosea, kama vile niwaambiavyo wanafunzi wangu wafanye. Tazameni hesabu yenyewe, maana ni ya Kidato cha Kwanza.

Picha yoyote iliyo katika simu imefanywa kwa vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, mfano wa ushanga. Wenye kazi huviita pikseli. Kiolezo nilichokichagua kilikuwa cha mraba, cha kutumwa katika mitandao, chenye vitone 1,080 kwa upana na 1,080 kwenda juu. Kioo cha simu kina upana wa kama sentimita 7, na humo vitone vimesongamana hata jicho haliwezi kuvitenga. Lakini bango lilikuwa na upana wa milimita 3,000. Gawanya 3,000 kwa 1,080, utaona kila kitone kilivutwa kikawa na upana wa milimita 2.8, karibu sawa na punje ya mtama. Kwenda juu bango lilikuwa na milimita 1,500. Gawanya tena kwa 1,080, utapata milimita 1.4. Basi kila kitone kilikuwa kipana mara mbili ya urefu wake, na ndiyo sababu duara ikawa yai. Wachapaji wa kadi inayoshikwa mkononi hutaka vitone 300 katika kila inchi moja. Bango la kutazamwa kwa mbali hutosheka na vitone 72 hata 100. Meta 3 ni inchi 118, na 118 mara 72 ni karibu 8,500. Mimi nilikuwa na 1,080, yaani kama sehemu moja ya nane ya vilivyotakiwa. Tena nilipoituma kwa WhatsApp kama picha niliipunguza zaidi, kwa sababu ikitumwa hivyo hubanwa ili iende upesi. Ningaliituma kama hati, ingalifika kama ilivyo.

Habari ya rangi ni hivi. Simu hutengeneza rangi zote kwa nuru tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa haina nuru. Ina wino wa namna nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Ziko rangi ambazo nuru huweza kuzitoa na wino hauwezi kamwe, na kijani kikali ni mojawapo. Mwenye kuijua kazi huchagua tangu mwanzo rangi ambayo wino unaiweza.

Kosa kubwa kupita yote lilikuwa la herufi. Kipimo wanachotumia waandika vibao ni kwamba herufi ya kusomeka vizuri kwa mtu aliye umbali wa meta 3 iwe na kimo cha kama sentimita 2 na nusu. Benchi letu la nyuma liko meta 30 kutoka meza kuu, basi herufi zilitakiwa ziwe za sentimita 25. Bango lenyewe lina kimo cha sentimita 150. Ukiacha nafasi kati ya mstari na mstari, zinaingia mistari mitatu, labda minne, basi. Kwa hiyo majina ya wahitimu hayakuwa na mahali pale hata kidogo. Yalitakiwa yachapwe katika karatasi na kila mzazi apewe yake mkononi. Hapo ndipo nilipofahamu ile fedha ya kuchora ilikuwa fedha ya nini. Fundi angaliniuliza, "Mwalimu, watakaa wapi hao watu?" Programu ile ingaliweza kupokea uwiano wa kweli wa upana na kimo cha bango kama ningaliipa tangu mwanzo. Sikuipa, kwa sababu sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Msifikiri nawakatazeni kuitumia. Ni chombo kizuri, tena kina asili ya shuleni. Mwaka 2007, katika mji wa Perth huko Australia, kijana wa kike aitwaye Melanie Perkins pamoja na mwenzake Cliff Obrecht walianzisha programu ya kuziwezesha shule zijitengenezee vitabu vyao vya kumbukumbu vya kila mwaka. Perkins alikuwa akiwafundisha wanafunzi wenzake wa chuo kikuu programu za kuchorea, akaona wanatumia muda mwingi mno kujua tu vitufe viko wapi. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Canva, iliyofunguliwa mwaka 2013, na ilipofika mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 200 huitumia kila mwezi. Basi ilianzia katika jambo kama hili gazeti letu. Kurasa hizi mnazosoma nazipanga humo humo, na sijapata malalamiko, isipokuwa ya mwalimu mwenzangu mmoja asemaye kwamba napenda mno visanduku.

Lakini yafaa tujue kiolezo ni kitu gani. Mama zetu wanakijua tangu zamani kwa kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, imetoa kanga vizazi kwa vizazi kwa mpango huo huo, na hakuna anayesema kanga zote ni moja. Kila mara mtu amekaa akabuni pindo jipya, mji mpya na maneno mapya. Kiolezo cha simu kinakwenda mbele zaidi. Pindo liko tayari, mji uko tayari, hata ua la pembeni liko tayari. Wewe unabadili jina tu. Mwaka huu nimepokea kadi tatu za mchango kutoka familia tatu tofauti, zote zina waridi lile lile na utepe ule ule wa dhahabu. Kwa kadi ya mchango haidhuru, maana mtu anatazama kiasi na namba ya kutumia fedha. Kwa nembo ya duka yadhuru, kwa sababu vitu vya kiolezo ni vya watumiaji wote, na masharti ya Canva yenyewe hayakuruhusu kuvisajili kuwa alama yako ya biashara. Utajenga jina miaka kumi, na mtu wa Kibondo ataweka picha ile ile mlangoni pake, wala huna la kumfanya.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee: je, kazi itakwisha?

Watu wa Buha wamepata kuona kazi ya namna hii ikiisha. Zamani za ukoloni vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba. Wengi wao hawakujua kuandika, wala wake zao hawakujua kusoma. Basi ukitaka kupeleka habari ulimwendea mwenye kujua, ukamwambia maneno yako, naye akayaandika kwa malipo au kwa heshima. Na huku nyumbani ilitafutwa tena mtu wa kuisoma barua, na mke akasikia mbele ya jirani mambo ambayo mumewe alikusudia ayajue peke yake. Mwaka 1970 Serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakaketi chini ya miti na ubao na chaki, wazee na mama wenye watoto mgongoni. Kadiri watu walivyojua kuandika, kazi ya kuandikia watu barua za salamu ilikwisha, wala sijamsikia hata mmoja akiilia. Lakini barua ya shauri la shamba kwa mahakama, au mkataba wa kuuziana nyumba, hata leo mtu mwenye akili huiendea kwa anayeijua. Kujua kushika kalamu hakukumfundisha mtu yapi yakisahauliwa yatamponza.

Na katika uchapaji wenyewe yamepata kutokea. Magazeti ya zamani, kama Mambo Leo lililoanzishwa na Serikali mwaka 1923, au Kiongozi lililoanzia Tabora mwaka 1950, yalipangwa kwa herufi za risasi. Mpangaji alizisoma kinyume, kama mtu asomaye katika kioo, na ilimchukua miaka kuizoea kazi. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani ikatoa programu iliyoitwa PageMaker, na mtu mmoja mezani na kompyuta yake akaweza kupanga ukurasa mzima. Kazi ya kupanga risasi ilikufa kabisa. Kazi ya kuamua ukurasa uwe na sura gani haikufa. Tena iliongezeka, maana machapisho yaliongezeka.

Mtu angeweza kuishia hapa, akasema vidole hupoteza kazi na akili haipotezi, basi mzee na auze maharage yake kwa amani. Nami nilikuwa karibu kuandika hivyo. Lakini nilikwenda kwanza Kasulu kumwona yule fundi niliyemwepuka mwaka jana, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, nikaona jambo lenyewe halina wepesi huo.

"Shikamoo mwalimu," akasema, "nililiona bango." Sikuuliza alilionea wapi.

Akaniwekea kiti, akanionyesha kazi iliyo mezani. Mtu wa asali kutoka upande wa Kibondo alikuwa amejitengenezea lebo kwa simu, lebo nzuri ya manjano yenye nyuki, akachapa mia tano. Fundi akanionyesha yaliyokosekana: uzito wa asali iliyomo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika, na mahali alipo mtengenezaji. Vyakula vya kufungashwa vinasajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, lililochukua kazi hiyo mwaka 2019, na lebo yenye upungufu haiwezi kupita. Tena ile mistari ya bakodi, ambayo kwa bidhaa zilizosajiliwa na GS1 Tanzania tarakimu zake huanza na 620, mtu yule aliitia rangi nyekundu ili ipatane na nyuki. "Unajua mashine ya dukani husoma kwa nuru nyekundu," fundi akaniambia. "Mbele ya nuru hiyo mstari mwekundu ni kama karatasi tupu. Asali yake ikifika duka kubwa la mjini, mashine haitaiona." Lebo zote mia tano zilikuwa za kutupwa. Nikakumbuka bango langu, nikanyamaza.

Nikamwambia, "Basi wewe huna hofu. Watu watakuja kwako wakishaharibu."

Akacheka kidogo. Akasema kazi kubwa kweli hajaipoteza. Mabango, lebo, vibao vya maduka na fulana bado vinakuja. Alichopoteza ni kazi ndogo. Miaka ya nyuma, kila msimu wa harusi, kamati zilimletea kadi za mchango na za mwaliko, moja baada ya nyingine, na fedha ile ndogo ndogo ndiyo iliyolipa pango la chumba. Siku hizi kamati hutengeneza wenyewe na kuzituma kwa simu, hata karatasi haihitajiki. Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile sijaacha kulifikiri: "Mwalimu, mimi kazi nimejifunzia kwenye zile kadi. Kadi yangu ya kwanza niliandika tarehe ya harusi vibaya, nikachapa upya kwa fedha yangu. Ya pili nilikata herufi ya mwisho. Nimeharibu kadi miaka miwili, vitu vya shilingi chache, ndipo mtu akanipa bango. Sasa kijana akija leo nimwanzishie wapi? Nimpe lebo ya asali ya mtu aharibu mia tano?"

Hapa ndipo naona hatari ilipo hasa, na nafikiri wengi wanaitafuta mahali pengine. Mwenye ujuzi wa miaka kumi hatishwi sana na simu ya binti jikoni, wala na hizi programu zilizokuja tangu mwaka 2022 zinazochora picha kwa kuambiwa maneno. Hizo nazo hazijui benchi letu la nyuma liko umbali gani. Anayetishwa ni yule anayeanza. Ngazi imekatwa vipago vya chini, na vya juu vimebaki vikining'inia. Anayekwisha kuwa juu haoni tofauti. Wa chini atapandia wapi? Katika mji mkubwa kama Dar es Salaam kampuni ya matangazo yaweza kumlipa mwanagenzi mwaka mzima akikaa karibu na wakubwa. Mjini Kasulu hakuna mwenye uwezo huo. Kwa hiyo miaka ijayo twaweza kuwa na watu wengi wawezao kutengeneza kadi, na tusiwe na hata mmoja awezaye kutengeneza lebo ipitayo.

Wala chuo peke yake hakitoshi kuwa jibu, ingawa nakiheshimu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, bila kupita chuo chochote cha sanaa, na alipokufa mwaka 1972 jina lake lilikuwa limekwisha kuwa jina la namna nzima ya uchoraji. Lakini tuangalie na waliomfuata. Wako wengi waliochukua mtindo wake, wakauongeza, wakapata jina lao wenyewe. Na wako waliorudia ndovu yule yule na mti ule ule kwa ajili ya watalii, na hao wanagombea bei na kila mwenye brashi. Mchoro wa mkono nao waweza kuwa kiolezo.

Nilipokuwa tayari kuondoka nilimwuliza fundi kama angemchukua kijana wetu wakati wa likizo, asimlipe kitu wala asimtoze kitu. Alifikiri kidogo, akasema asingempa kompyuta kwa siku za mwanzo. Angemkalisha mlangoni apokee wateja, na kwa kila mmoja aulize na kuandika katika daftari: kitu hiki kitakaa wapi, atakayekisoma atakuwa mbali kiasi gani, kitachapwa juu ya nini, ni neno gani likikosekana kazi imeharibika, na ni maneno gani yaondolewe. Hili la mwisho, alisema, ndilo linalowaudhi wateja kuliko yote, kwa maana kila mtu anayapenda maneno yake. Kisha kijana atengeneze kazi yake pembeni, juu ya karatasi, kabla ya kuona alichofanya fundi, wazifananishe jioni. Mia moja za namna hiyo, alisema, huenda zikafaa badala ya kadi za harusi. Hakusema kwa hakika, nami siwezi kusema kwa hakika.

Hayo ndiyo niliyompelekea mzee nyumbani kwake Jumapili, kabla ya kuyaandika hapa. Nilimweleza kwamba akimsomesha kijana ajue kubonyeza simu atakuwa ametupa maharage yake, maana hilo hata mimi naliweza, na bango mmeliona. Akimsomesha ajue kuuliza na kupima, ipo kazi, ila mwanzo wake utakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa kwa fundi wa jana, na kwa mwaka mmoja au miwili kijana hataleta kitu nyumbani. Heri alijue hilo sasa kuliko kulijua baadaye na kudhani mtoto ni mvivu.

Mzee alinisikiliza hata mwisho. Akauliza nauli ya kwenda Kasulu na kurudi, na kama kijana atapata mahali pa kulala. Nikamjibu. Binti yake alituletea chai, akaiweka mezani, lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni na simu mkononi.

"Huyu naye," mzee akasema, "majirani wameanza kumletea kadi zao. Juzi mmoja amempa shilingi elfu tatu, na alipoona jina la bwana harusi limekosewa alirudi kuigomba nyumba nzima. Je, mwalimu, huyo fundi anachukua na wasichana?"

Nakiri kwamba sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimekuja kwa habari ya kijana, na muda wote binti nilimhesabu kuwa upande wa simu. Nikampigia fundi pale pale uani. Akaniuliza huyo binti kadi ngapi amekwisha kuziharibu. Nikamgeukia, naye akahesabu kwa vidole, akasema sita. Fundi akasema, kama ni hivyo yeye ndiye aanze, na kijana aje naye, kwa maana viti vya wateja mlangoni ni viwili.